Usichimbe Shimo Huko Tukuyu

Salima mwanangu,

Shuleni walikufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua. Asubuhi hii nimekuona ukila viazi vya jana huku umesimama, ukanywa chai ya moto mpaka ukaunguza ulimi, ukakimbilia gari la Ihanja kwenda kumuaga baba yako mdogo. Na hali yangu unaijua vilevile. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, mguu mbovu nimeunyoosha juu ya dumu, na upepo wetu huu wa Ikungi unataka kuninyang'anya karatasi, nimeibana kwa mfuniko wa sufuria. Ukiona madoa ya kijani usishangae, mikono yangu leo inanuka chainizi na sabuni haijasaidia. Basi salamu tumezimaliza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni shangazi yako Mwajuma. Jana ulipokwenda bombani alikuja akakaa, akazungukazunguka na habari za kuku wake wanaosinzia, mpaka nikamwambia, "Wifi, sema kilichokuleta." Akasema. Kwamba umemwambia kesho hupandi basi. Kwamba utapiga simu kwenye hicho kituo cha afya cha Tukuyu, useme unaumwa, uombe wiki moja, halafu nyingine, mpaka wachoke nafasi wampe mtu mwingine. Begi unalifunga ili mimi nilione tu. Na sababu ni kwamba huwezi kumwacha mama mwenye goti hili, peke yake, na bustani nzima ya kumwagilia kiangazi hiki.

Loh! Nilitaka kukufuata bombani na mguu wangu huu huu. Wifi akanishika gauni. "Kaa chini, Msambaa wewe, utavunjika na lililobaki," akaniambia, nami nikakaa, lakini sikunyamaza. Kuku wake wote walisikia.

Sasa nakuandikia kwa sababu najijua. Nikikuambia kwa mdomo nitafoka, wewe utalia, na mimi nikikuona unalia nitasema, "Haya basi, kaa." Neno hilo lipo hapa mdomoni tangu ulipopata barua ya ajira, nalimeza kila siku pamoja na chai. Afadhali niandike. Nitaiweka juu ya begi lako, utaikuta ukirudi.

Habari za kuvaa sweta, kuchemsha maji, kusali kwa wakati na kuchagua marafiki sitakuandikia. Hayo nimeyaimba tangu unaota meno, kama hayakuingia hayataingia leo. Nataka kukusimulia habari za shimo. Shimo unalijua, umekulia ndani yake ukicheza na matope, lakini hujui lilivyonikuta.

Nilipoolewa na baba yako, Mungu amrehemu, nilikuja hapa na sanduku la nguo na mbegu za chainizi nilizozifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa utingo wa lori wakati ule, akileta vitunguu vya Singida mpaka Tanga, na alivyonipata hiyo ni hadithi yake, aliisimulia vizuri kuliko mimi na kwa uongo mwingi. Mimi nilichojua ni kulima mboga. Kwetu Lushoto chainizi haikusumbui. Unasia mbegu, unageuka, imeota. Asubuhi ukungu unainywesha, mchana mvua inainywesha tena, wewe kazi yako ni kuinua tuta tu ili maji yapate pa kukimbilia, maana yakituama kwenye mizizi mboga inaoza. Tuta ndiyo heshima ya mwanamke wa kwetu. Mama yangu akipita njiani akaona tuta limelala, anauliza, "Nyumba hii kuna mgonjwa?"

Nami nikainua matuta hapa Ikungi. Marefu, yamenyooka, yamepigwa kwa jembe mpaka yanang'aa. Majirani walikuja kuyatazama. Wengine walinipa pole, wakauliza nimezika nini.

Nikasia, nikahamisha miche jioni kama nilivyofundishwa, nikamwagilia. Ikashika. Nikamwambia baba yako, "Umeona?" Akasema ameona. Kisha ukaja upepo. Unaujua upepo wetu, unaamka asubuhi kama una ugomvi na mtu. Tuta likapigwa huku na huku, maji niliyomwaga alfajiri kufika adhuhuri hayapo, udongo umekuwa unga. Majani yakabaki madogo, magumu, machungu kama dawa ya malaria, halafu yakatoa maua kabla hata hayajawa mboga. Na mimi nikafanya nini? Nikainua matuta zaidi.

Usicheke, Salima. Ndivyo nilivyokuwa. Nilidhani kosa langu ni uvivu, kwamba sijayainua vya kutosha. Nilipochoka kujilaumu nikalaumu mbegu. Nikalaumu udongo. Nikalaumu kuku wa mama mkwe, na hao kweli walikuwa na makosa yao. Mwisho nikamlaumu baba yako kwa kunileta nchi isiyo na umande, na yeye akakuna kichwa akasema, "Lakini vitunguu vinaota." Vitunguu! Nilimnunia mpaka safari iliyofuata.

Bibi yako alikaa kwenye jiwe lile nyuma ya nyumba akichambua mlenda, mboga yao ya kuteleza, ananitazama ninavyopanda na kushuka na ndoo. Siku moja nikapata vijani vya kutosha sufuria ndogo. Nikavipika kwa karanga, nikamtengea kwa heshima zote. Akatafuna. Akatafuna tena. Akamuuliza baba yako kitu kwa Kinyaturu, na baba yako akacheka hadi ugali ukampalia. Nikasema kwa Mungu mtaniambia kilichosemwa, sitoki hapa. Baba yako akafuta machozi akasema, "Mama anauliza, mboga isiyoteleza inapita vipi kooni?"

Ebo! Mimi mtoto wa watu niliyebebeshwa ndoo kwa ajili ya mboga hiyo! Leo nacheka mpaka mbavu zinauma, lakini siku ile nilikwenda kulala bila kula.

Shimo lenyewe lilikuwepo tayari. Ndiko ulikotoka udongo wa matofali ya nyumba hii. Baba yako na baba yako mdogo walichimba hapo, wakafyatua, wakachoma tanuri, wakajenga, wakaacha bonde nyuma ya nyumba, kina chake kinakufikia magotini, mahali pa kutupa majivu na maganda. Hapa kwetu kila nyumba ina shimo lake la namna hiyo, na kila mwenye nyumba anasema atalifukia mwakani. Baba yako alisema hivyo mpaka anafariki.

Ikafika siku uvumilivu ukaniisha. Nilikuwa na kitalu kizima cha miche, nikaitazama, nikajua mwisho wake. Nikaing'oa yote kwa hasira, viganja kwa viganja, nikaitupa shimoni pamoja na udongo wake. Nikaingia ndani nikafunga sanduku. Ndiyo, sanduku, hili sikuwahi kukuambia. Nilikuwa narudi kwetu. Baba yako alikuwa safarini, nilitaka akirudi akute nyumba imefagiliwa na mke hayupo. Bibi yako akanikuta nakaza kamba. Hakuniuliza. Akasema tu basi la kwenda huko leo halipiti, limeharibika njiani. Uongo mtupu, nilikuja kujua baadaye, basi lilipita na nafasi zilikuwepo, lakini mimi mgeni ningejuaje?

Jioni hiyo ikanyesha mvua, ile ya mwisho inayokuja kuaga msimu. Kesho yake matope, keshokutwa baba yako akaingia na pakiti ya sukari na gauni jipya la kwangu, sanduku likafunguliwa lenyewe. Miche nikaisahau. Siku nyingi baadaye nikaenda kumwaga majivu, nikainama, nikaiona. Chainizi zimesimama, Salima! Nyingine zimelala kiubavu jinsi nilivyozitupa halafu zimejikunja kwenda juu, majani mapana, mashina meupe manene kama vidole vya mtoto aliyeshiba. Maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya kule chini, na upepo ulikuwa unapita juu yake bila kuzigusa. Niliingia shimoni nikakaa chini kwenye majivu, nikalia na kucheka kwa pamoja. Baba yako alikuja mbio na fimbo akidhani nimeumwa na nyoka.

Hapo ndipo nilipojiona. Muda wote ule nilikuwa nalima Lushoto. Mwili uko Ikungi, jembe liko Ikungi, lakini bustani ilikuwa ya mama yangu, na nilikuwa namwinulia tuta lisilale asije akauliza kama kuna mgonjwa. Mama mwenyewe yuko mbali, wala hakuniomba.

Tukaligawa shimo kwa vijiukuta vya udongo ili maji yasikimbilie upande mmoja. Tukaezeka kichanja cha mabua ya uwele kupunguza jua. Usidhani makosa yaliisha hapo. Nilisikia matandazo yanatunza unyevu, nikaenda kwenye mashine ya kukamua alizeti nikajaza viroba vya maganda mapya, nikayatandaza kwa furaha, na miche ikadumaa, ikawa kama imepigwa marufuku kukua. Alizeti ina wivu, haitaki jirani. Mpaka maganda yakae nje yanyeshewe, yaoze, ndipo yanafaa. Halafu kuku wakagundua shimo, wakaona wamejengewa hoteli. Halafu baridi ya mwezi wa saba. Hiyo ilinichukua miaka kuielewa. Nilikuwa naona maua nadhani ni kiu, naongeza maji, na maua yanaongezeka. Kumbe mche mdogo ukipigwa na baridi za usiku mfululizo unaona umezeeka, unatoa maua haraka kabla haujafa. Siku hizi nawahi kusia, na baridi ikinikuta naufunika kwa viroba jioni kama mtoto.

Ulikuwa ndiyo kwanza umejua kutembea, nikaingia na kisu kuyakata hayo maua ya njano. Ukanishika mguu ukapiga kelele, "Mama, mauwa, mauwa!" Kijiji kizima kilidhani nakuchapa. Nikakuachia shina moja. Likarefuka, likafunga vijiganda, vikakauka, na mbegu za kwetu Lushoto nilikuwa nimesia za mwisho msimu ule. Kwa hiyo mbegu tunazosia mpaka leo zinatokana na lile shina ulilolililia. Zimezoea hapa kuliko mimi.

Kuna jambo jingine la bibi yako linaniuma hadi leo, nalo sitaki uende bila kulijua. Mavuno yaliponyooka, nikaenda mnadani nikarudi, nikakuta mashina mengi yamechumwa majani ya nje, na bibi yako ameyaanika juu ya jiwe lake. Mengine, ya siku za nyuma, yameshakauka, ameyatwanga, yako kwenye kibuyu. Alikuwa anatengeneza mlenda wa chainizi! Nikapandwa na hasira. Nikasema mambo ya kuharibiwa kazi, nikasema wengine hawajui kitu kizuri wakikiona, nikachukua kile kibuyu nikawamwagia kuku. Mbele yake. Yeye akakunja mkeka wake taratibu akaenda ndani.

Ni wifi Mwajuma aliyenieleza, tena kwa ukali. Hapa kwetu mboga unayoipika leo ni mboga tu. Ile unayoipenda, unayotaka watoto wako waione miezi ya njaa, hiyo ndiyo unaianika. Mama mkwe wangu ambaye alisema mboga yangu haipiti kooni alikuwa ameiweka pamoja na vya kutunzwa. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea, akaniuliza kama kuku wameshiba. Hakuirudia tena kazi ile, wala mimi sikuwa na uso wa kumwomba. Lakini kila asubuhi mpaka anaishiwa nguvu alikuwa akinisaidia kumwagilia shimo, na jioni anakula mlenda wake.

Kwa nini nakuambia? Kwa sababu huko uendako watu watafanya mambo kwa vitu vyako usiyoyaelewa. Watakupikia ndizi asubuhi, mchana na jioni. Watakucheka unavyoongea. Kabla hujamwaga kibuyu cha mtu, uliza. Mimi nimeuliza nikiwa nimechelewa mara nyingi sana, na hasira hizi nilizonazo umezirithi kidogo, usijidanganye na hiyo sauti yako ya upole ya kinesi.

Sasa tuje kwenye goti.

Nilianguka kwa uzembe wangu, kushuka shimoni na ndoo mbili kwa sababu naona uvivu kurudi. Ulikuwa umemaliza chuo, uko nyumbani unasubiri ajira, ukazichukua ndoo. Tangu siku ile hujanirudishia. Unaamka kabla yangu, nasikia ndoo zinagongana, nasikia unaimba kwa sauti ya chini ili nisiamke, nami niko macho nasikiliza. Wallahi, mwanangu, nimefurahi miezi hii. Nimefurahi kupita kiasi. Tangu baba yako atangulie nyumba ilikuwa na mwangwi, na wewe ukaijaza kwa ndoo na nyimbo na kunisimanga kwamba sinywi maji ya kutosha. Goti lilianza kupata nafuu siku nyingi kidogo, nami nikaendelea kuchechemea ukiwa karibu. Umesikia? Nilikuwa nachechemea zaidi ukiwepo. Wifi aliniona nikienda chooni vizuri tu akanitazama kwa jicho lile lake, sikumpa nafasi ya kusema.

Haliko salama kabisa, nisikudanganye upande wa pili pia. Maji ya kutosha shimo zima siyamudu kiangazi hiki. Wifi atanipeleka hospitali wiki ijayo, amekwisha kunitisha, na mtoto wake atatubeba kwa pikipiki. Lakini kuchota maji ya kupikia na kuogea naweza. Kutembea mpaka kwa wifi kugombana naweza. Kilichokuwa kinakuweka hapa siyo goti langu, Salima, ni lile shimo. Ukiangalia mboga zile zinanyauka utaona ni mimi ninayenyauka, nakujua, wewe ulililia ua.

Kwa hiyo nikuombe kitu kimoja cha Tukuyu. Usichimbe shimo. Najua utataka. Utafika, utapata chumba chenye kauwanja nyuma, utakumbuka nyumbani, utatafuta jembe. Nimekufungia mbegu kwenye pindo la ile khanga ya bluu, usiifue kabla hujazitoa. Lakini huko mvua inanyesha mpaka watu wanasahau kwamba inanyesha. Ukichimba shimo utafuga vyura. Utamwagilia kitu kilicholowa, kwa sababu mama yako alikuwa anamwagilia, na mizizi itaoza nawe utasema kosa lako ni uvivu. Inua tuta. Nenda kwa mama yeyote jirani, mwamkie, mwambie, "Shikamoo mama, mimi mtoto wa Singida, nionyeshe mnavyolima hapa." Hata kama unajua. Hasa kama unajua. Na siku mbegu zikikataa kabisa, tupa, nunua za hukohuko, sitakasirika. Nitakasirika kidogo, halafu itaisha.

Na ukitaka kurudi, rudi. Mimi siyo mtu wa kukuambia mlango umefungwa, niliyefunga sanduku langu mwenyewe nikazuiwa na basi lililoharibika kwa mdomo wa bibi yako. Rudi kwa sababu umechoka, au umeonewa, au umekumbuka ugali wa uwele. Rudi hata bila sababu. Ila usikae kabla hujaenda, kwa ajili ya mboga.

Sasa nikuambie nilichofanya leo, utulie usije mbio.

Ulipopanda tu gari la Ihanja nilimwita wifi. Nilikaa ukingoni mwa shimo nikajiteremsha kwa makalio kama mtoto mchanga, yeye akanipokea huku akinitukana. Tumevuna chainizi yote. Siyo majani ya nje kama nilivyokufundisha, tumeng'oa na mizizi yake, kuanzia ile karibu na ukuta mpaka ile midogo uliyoihamisha juzi. Wifi alisimama katikati akasema, "Wewe mwanamke una roho gani?" Nikamwambia ninayo, ndiyo maana nafanya haraka. Alilia yeye, mimi nilisubiri mpaka akaenda kugawa mafungu kwa majirani, ndipo nikalia zangu humo shimoni peke yangu, na hapo namaliza habari hiyo. Viroba nimevikunja. Kichanja nimekiangusha, mabua yatapikia maharage. Mvua zikija na goti likipona nitasia tena, ya kutosha kumwagiliwa kwa maji yaliyooshea vyombo na siyo zaidi.

Usiku huu tutakula ya karanga, ya mwisho, nimekuwekea ile mioyo yake laini unayoipenda. Yaliyobaki nimeyachambua nikayaanika juu ya jiwe la bibi yako, nimeyawekea vijiwe upepo usiyachukue. Yakikauka nitayatwanga. Safari ile sikuonja hata kidole, kuku ndio wanaojua ladha yake. Safari hii nitaonja, nami nitakutumia kibuyu chako kwa basi. Huko mboga mbichi zitakuzunguka mwaka mzima, watakuuliza hayo majani makavu ya nini. Waambie kwenu kitu kinachopendwa kinaanikwa.

Basi la Mbeya linapita alfajiri. Ukiamka na mazoea yako utatafuta ndoo, na hutaziona, ziko kwa wifi. Nenda nyuma ya nyumba ukitaka kuhakikisha. Utakuta udongo mtupu, umekauka. Hakuna cha kumwagilia, mwanangu. Nawa uso, chukua begi, mimi nitakusindikiza mpaka barabarani kwa mguu wangu mwenyewe, nawe utanitazama ninavyotembea.

Mama yako,
anayekupenda na kukufukuza